Mavyaa Asema Kondo Ni Chujio, Jirani Asema Ni Mlango Wazi

Salaam aleikum Somo,

Mimi ni mkaaji wa Langoni, hapa Lamu. Nina miaka 24 na hii ndiyo mimba yangu ya kwanza. Kadi ya kliniki inasema nina wiki 22. Mume wangu ni mvuvi, siku hizi yuko upande wa Kiunga kwenye kamba, hurudi baada ya wiki mbili tatu. Nakaa na mavyaa wangu, na namshukuru Mungu, ananipenda kama bintiye.

Mambo yalianzia kwenye jino. Wiki mbili nyuma jino la mwisho lilinishika usiku hadi nikaona nyota. Mavyaa akatoa mkobani vile vidonge vyake vya magoti, akanipa. Nikameza siku nne, asubuhi kimoja na jioni kimoja, jino likatulia. Siku ya kliniki nikamwonyesha nesi kile kikaratasi. Akapiga ukelele: "Diklofenaki? Na tumbo hilo?" Akaandika kitu kwenye kadi, foleni ilikuwa ndefu, akaita mwengine. Sikupata kuuliza.

Nilipofika nyumbani mavyaa akacheka. Akasema: "Mimi nimezaa saba na nimekula kila kitu. Kondo la nyuma ni chujio. Mtoto huchukua kizuri chake, kibaya humwachia mamake." Nikapoa. Jioni jirani wa nyumba ya pili, aliyesoma kunishinda, akanitia baridi. Akasema hakuna chujio wala nini, kila nimezacho humwangukia mtoto moja kwa moja. Hata vile vidonge vya damu, akasema, ni chuma kile, kitamkaa mtoto awe pande la mtu nishindwe kumzaa, nikapasuliwe.

Tangu siku ile vidonge vya damu viko chini ya godoro. Na vile vitatu vya malaria ambavyo nesi hukusimamia mpaka umeze, nilivibana shavuni nikaenda kuvitema chooni. Mungu anisamehe.

Somo, nani msema kweli? Nimemdhuru mwanangu? Na je, papa? Mavyaa hunipikia mchuzi wa papa kila baada ya siku moja, asema hutia nguvu. Baada ya chakula hunikunjia tambuu kuvunja kichefuchefu.

Mke wa Mvuvi, Langoni

Nimesahau: tangu siku za harusi napaka krimu ya kung'arisha uso na mikono. Kopo halina jina la kiwanda. Lakini hiyo ni ya nje tu, nadhani haihusu.

* * *

Waaleikum salaam mwanangu,

Nianze na jino, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi, na mja mzito hangojeshwi mpaka mwisho wa barua ndipo aambiwe kama mwanawe yu salama.

Nesi alikuwa na haki ya kushtuka. Diklofenaki na nduguye ibuprofeni humfikia mtoto. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuzilegeza figo zake, na ujue kwamba maji ya chupa, yale anayoogelea ndani yake, umri huo sehemu yake kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Figo zikilegea, maji hupungua. Ndiyo sababu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa hizi ziepukwe kuanzia wiki ya 20, ila daktari akiona pana haja. Mimba ikifika wiki ya 30 huongezeka balaa la pili: zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa mdogo ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao wapaswa kubaki wazi mpaka azaliwe.

Lakini wewe umemeza siku nne, si wiki nne, na umeshaacha. Maji yakipungua kwa sababu ya dawa hizi, kwa kawaida hurudi dawa ikiachwa. Basi rudi kliniki wiki hii hii. Usingoje tarehe ya kadi. Sema wazi: nilimeza siku nne, viwili kwa siku, tangu tarehe fulani. Omba upigwe picha watazame maji. Jino likikuamsha tena kabla hujafika kwa daktari wa meno, meza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, visizidi vinane kwa siku nzima, na usiendelee navyo siku baada ya siku bila kumwambia mtu. Kisha jino lenyewe litazamwe. Wako wanaosema mja mzito hang'olewi jino. Hung'olewa, na ganzi hupigwa. Usaha uliojificha ndani ya ufizi ndio wa kuogopwa.

Umepumua? Sasa twende kwa mavyaa na jirani.

Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi kabla ya kustaafu. Mtoto akishatoka, akalia, akafunikwa, kazi yangu ya pili ilikuwa kondo. Unalipokea kwenye beseni, unalitandaza kwa viganja viwili. Ni duara, upana wake kama mkate wa kumimina wa kiasi, uzito kiasi cha nusu kilo. Upande uliokuwa umeshikana na mfuko wa uzazi ni mwekundu wa giza, mabunda mabunda kama ini, na unayapitia bunda kwa bunda usije ukaacha kipande ndani ya mama. Ligeuze. Upande wa mtoto unateleza, unang'aa, na mishipa imetambaa kutoka kwenye kitovu kama mizizi ya mkoko maji yakitoka. Ukitazama pale kitovu kilipokatwa utaona matundu matatu. Moja kubwa, hilo ndilo limpelekealo mtoto chakula na hewa. Mawili madogo hurudisha taka zake kwa mama.

Ukilitazama hivyo utadhani damu yako na ya mtoto ni moja inayozunguka. Siyo. Wewe ni mtu wa Lamu, nyumba zetu wazijua. Mgeni hufika dakani, ule ukumbi wa mlangoni, akakaa barazani, akapewa kahawa, akatoa alichokuja nacho, akapokea cha kupokea, akenda zake. Ndani haingii. Damu yako ni mgeni wa dakani. Mimba ikikaribia kutimia, zaidi ya nusu lita ya damu yako hupita kwenye mfuko wa uzazi kila dakika, nyingi yake ikiyaosha matawi membamba yaliyobeba damu ya mtoto, kisha hurudi ilikotoka. Baina ya damu mbili hizo pana ukuta. Miezi ya mwanzo ukuta ni mnene, halafu hukonda mimba ikikua, mpaka ukawa mwembamba kuliko unywele mara nyingi. Na yale matawi, lau ungeyakunjua yote ukayatandaza chini, yangeenea sakafu ya chumba, zaidi ya mita 10 za mraba.

Kwa hiyo kondo si chujio na si mlango wazi. Ni ukuta wenye desturi zake, na kila kitu kina njia yake ya kupita.

Hewa safi hupita kama harufu ya udi, haihitaji kufunguliwa mlango, na damu ya mtoto imeumbwa kuishika hewa hiyo kwa nguvu kuliko damu yako. Sukari ina mlango wake, nayo huteremka tu kutoka kwenye nyingi kwenda kwenye chache. Yako ikipanda, na yake hupanda. Vipande vya protini, madini ya chuma, kalsiamu na iodini hivyo vina mahamali wa kuvibeba. Mahamali hawa hawaangalii kama ghala lako limejaa au limepwaya. Hubeba hata kama mtoto tayari ana kalsiamu nyingi katika damu yake kukushinda wewe. Kuna na vitu vikubwa mno, kama kitanda cha samadari kwenye mlango wa kichochoroni: insulini haipiti, na heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, nayo haipiti. Ndiyo maana mja mzito mwenye kisukari akapigwa sindano ya insulini na mtoto asiguswe.

Dawa nyingi lakini ni vijitu vidogo. Wanakemia hupima uzito wa chembe. Insulini ni karibu 5,800. Diklofenaki ni kama 296, nikotini 162, parasetamoli 151, pombe 46 tu. Chini ya 500, hasa kikiwa kitu kinachoyeyuka kwenye mafuta, ukuta hukiachia kipite bila hodi. Nacho kikishaingia, ini na figo za mtoto bado changa. Baadhi yake hurudi dakani kwako, baadhi hukojolewa kwenye yale maji ya chupa, na mtoto akayanywa tena. Ndiyo, huyanywa. Ukila kitunguu thaumu harufu yake hufika mle mle, kwa hiyo mwanao huenda ameshaijua ladha ya pilau ya bibi yake kabla hajamwona.

Sasa nakuomba usimcheke mavyaako. Aliyoyasema ndiyo waliyoyaamini wengi hata miongoni mwa madaktari wa Ulaya nilipokuwa mimi mtoto mdogo. Walidhani kondo ni ngome. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi inayoitwa thalidomaidi, na haikuchukua muda wajawazito wakawa wanapewa kwa kichefuchefu cha asubuhi. Ilisifiwa kuwa haina madhara, hata kwa aliyemeza nyingi kwa makosa. Ikaenea nchi nyingi. Watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi, viganja vikitokea karibu na bega, wengine bila masikio, wengine na moyo wenye kasoro. Walipita 10,000, na wengi hawakuishi. Mwishoni mwa 1961 ndipo ilipoondolewa madukani Ujerumani, baada ya daktari mmoja wa Hamburg, Widukind Lenz, na mwengine wa Australia, William McBride, kila mmoja kwa upande wake, kuihusisha na watoto hao. Marekani iliponea chupuchupu kwa ukaidi wa mwanamke mmoja, Frances Kelsey, aliyekuwa mkaguzi wa dawa. Kampuni ilimsumbua aitie sahihi, naye akazidi kuuliza maswali.

Jambo moja katika kisa hicho lina faida kwako. Madhara yale yalitegemea siku. Mama aliyemeza kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu mimba kutunga ndiye aliyeharibikiwa mtoto. Aliyeimeza baadaye kabisa, mara nyingi mtoto alitoka mzima. Basi mavyaako anaposema "nilikula kila kitu na saba wakatoka wazima", hasemi uongo. Pengine alimeza kitu ambacho hakina neno, au alikimeza siku ambayo kiungo kilikuwa kimeshaumbika. Bahati haimezwi na mtu mwengine, hilo tu. Na kila dawa ina wakati wake mbaya: hizi za maumivu kama diklofenaki ubaya wake mkubwa ni kuanzia nusu ya mimba, doksisaiklini, dawa ya kuua vijidudu, na jamaa zake hutia meno ya mtoto rangi ya kahawia mimba ikishapita miezi minne, na dawa za presha kama enalaprili huzipiga figo za mtoto miezi ya kati na ya mwisho. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize "dawa hii nzuri?" Sema: nina mimba ya wiki kadhaa.

Haya, jirani. Huyu amesoma, lakini ameishia njiani, na wa njiani ndiye mwenye kutisha watu. Kweli, chuma humfikia mtoto. Hufika umeze usimeze! Mimba nzima huhitaji kama gramu 1 ya chuma, na katika hiyo miligramu 300 hivi huenda kwa mtoto na kondo. Mahamali wataichukua hata ukiwa huna, na utakayeishiwa ni wewe: kizunguzungu ngazini, moyo kwenda mbio, kisha siku ya kujifungua damu ikitoka huna akiba ya kupoteza. Na upungufu ukiwa mkubwa sana, mtoto naye hukosa. Chuma hakimfanyi mtoto pande la mtu. Kimfanyacho mtoto akapita kiasi ni sukari ya mama iliyopanda: sukari hupita, insulini ya mama haipiti, mtoto akalazimika kutengeneza insulini yake nyingi, na hiyo ndiyo imnenepeshayo. Muulize jirani kama ameshawahi kukukataza halua. Najua hajawahi, labda mlikuwa mnaila pamoja siku hiyo hiyo.

Kavitoe chini ya godoro. Kimoja kila siku, kwa maji ya limau au ukwaju, usimeze na chai, maana chai hukizuia chuma kisiingie mwilini. Acha lipite saa moja au mbili baina yao. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kikikufunga, zidisha maji, mapapai na mboga. Kidonge hicho cha kliniki kina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Foliki kazi yake kubwa ni siku za mwanzo kabisa, uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Mimba ya pili ukiinuia, inshallah, ianze mapema.

Vile vitatu ulivyovitema ndivyo vilivyonisikitisha zaidi. Sisi tuko pwani, malaria tunayo. Mdudu wa malaria aitwaye falsiparamu ana hila moja kwa mja mzito: chembe za damu alizozikalia huenda zikanasa kwenye kondo na kukaa pale. Mama anaweza asiwe na homa, hata kipimo cha kidole kikatoka safi, na huko ndani kondo limevimba, njia za chakula zimebanwa, mtoto anazaliwa mdogo. Nimewapokea watoto wa kilo mbili wametimiza miezi yote, mama anaapa hakuugua hata siku moja. Dawa ile nayo, sikufichi, humfikia mtoto. Inajulikana kuwa humfikia, ndiyo maana haitolewi miezi mitatu ya mwanzo, hutolewa kuanzia wiki ya 13, na kipimo na kipimo hupita mwezi. Huku ndiko kupimwa kwa dawa. Nenda ukamwambie nesi ukweli kwamba ulivitema. Atakukemea kidogo, utanyamaza, atakupa vingine. Mwambie kama dawa za salfa hukudhuru, au kama unatumia dawa nyingine yoyote. Na usiongeze foliki ya dukani ile ya miligramu 5, hiyo huipunguzia nguvu dawa ya malaria. Ya kliniki haina ugomvi nayo.

Sindano ya pepopunda hujaitaja. Kama hujapigwa, kapigwe. Kinga ya mama hupita kwa mtoto kwa kusindikizwa na wachukuzi maalumu, wengi wao hufanya kazi hiyo miezi mitatu ya mwisho, na mtoto akitimiza miezi yake huweza kuzaliwa na kinga nyingi kuliko hata ya mamake. Ni zawadi ya kumpa kabla hujamwona uso.

Sasa papa. Hapa nami najiumiza, kwa sababu mchuzi wa papa wa nazi na bizari ni chakula changu. Samaki mkubwa alaye samaki wenziwe na kuishi miaka mingi hukusanya zebaki mwilini: papa, nduaro, jodari mkubwa, nguru mkubwa. Zebaki hiyo ya samaki ni mwerevu. Hujishika na kipande cha protini mpaka ikafanana na chakula, kama mtu aliyejifunika buibui la mwenziwe akapita mbele ya mwenye nyumba akaamkiwa. Mahamali wa kondo huibeba kwa mikono yao wenyewe, na damu ya mtoto ikawa nayo nyingi kuliko damu ya mama. Ubongo wake ndio unaolengwa. Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956: kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki. Walizaliwa watoto wenye viungo vilivyopinda na akili iliyodhurika, na mama zao wengine hawakuwa na lolote isipokuwa ganzi kidogo ya vidole, au hawakuwa na chochote kabisa.

Bahari yetu si Minamata, na uliokwisha kula usiutapikie. Ila papa kila baada ya siku moja, hapana. Samaki usiache, mtoto ayahitaji mafuta ya samaki kwa ubongo wake huo huo. Kula tafi, changu, pono, dagaa. Kamba wa mumeo kula, waive vizuri. Papa na mwache mpaka umalize kunyonyesha. Tambuu nayo rudisha kwa adabu. Kama imetiwa tumbaku, ina nikotini, hupita kwa mtoto na hubana mishipa inayolilisha kondo, na popoo nayo haitaki mja mzito. Kwa kichefuchefu tafuna kipande cha tangawizi. Na mumeo kama anavuta sigara, avutie nje pwani, moshi ule hukaa kwenye damu ya mtoto mahali pa hewa safi.

Nimeuacha mstari wako wa mwisho makusudi, ule uliousahau. Ulistahili kuwa wa kwanza.

Krimu ya nje tu? Mwanangu, ngozi nayo ina daka lake. Krimu nyingi za kung'arisha zisizo na jina huwa na moja ya vitu vitatu, au vyote. Zebaki, aina nyingine na ile ya samaki: hii hupita kondo kwa shida zaidi, nyingi hunasa humo humo, lakini nyengine hupita, na figo zako ndizo zitakazoumia kwanza. Haidrokwinoni, ambayo theluthi yake na zaidi huweza kupenya ngozi ikaingia kwenye damu. Na steroidi kali, dawa za kutuliza mwasho na uvimbe wa ngozi, ambazo zikipakwa kwa wingi na kwa muda mrefu zimehusishwa na watoto wadogo wa uzito. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Dunia nayo ilitia sahihi mkataba wa kupiga vita zebaki mwaka 2013, vipodozi vimo ndani yake, na jina lake unalijua sasa, Mkataba wa Minamata.

Iache leo. Kopo usilitupe, litie kwenye mfuko uende nalo kliniki, umwonyeshe nesi au daktari pamoja na ile kadi. Kama ilikuwa na steroidi, ngozi ikiachishwa ghafla huenda ikawaka na kutoka vipele, nao wakijua watakusaidia. Wala usitafute nyingine "ya asili" kwa muuzaji yule yule. Liwa ipo, singo ipo, bibi zetu waliolewa navyo. Hina ya majani nayo haina neno, ila piko lile jeusi lenye dawa ya nywele ndani yake lipishe.

Limebaki la nyumbani. Usiende kwa mavyaako na "Somo kasema umekosea." Alikupa vidonge vyake mwenyewe, vya magoti yake, usiku wa manane. Huyo hakukutakia shari. Mhadithie habari ya thalidomaidi, mwambie na madaktari walikuwa na fikira kama yake. Kisha mpe kazi: yeye ndiye awe akikuletea kidonge cha damu kila usiku na glasi ya maji ya ukwaju, na akusimamie umeze. Mtu aliyezaa saba hawezi kukaa bila kazi mbele ya mimba ya mjukuu. Mwambie vile vidonge vya magoti avifungie kabatini, na papa ampike siku mumeo akirudi, wale wawili.

Na siku ya siku, Mungu akujaalie wepesi, kabla hawajalifunga kondo kwenda kulizika, mwambie mkunga alitandaze kwenye beseni amwonyeshe mavyaako pande zote mbili. Saba amezaa, na sidhani kama kuna aliyewahi kumgeuzia akaliona.

Somo